Mlichi wa Pongwe haujakosa mbolea, umekosa kipupwe

SWALI: Assalaam aleykum binti yangu, bibi shamba. Mimi ni mstaafu wa bandari, ninakaa Pongwe hapa Tanga. Miaka saba iliyopita shemeji yangu wa Soni aliniletea mche wa lichi. Si wa mbegu, ni tawi la mti wake mwenyewe aliloliotesha mizizi. Mti umeshika vizuri mno, umelingana na paa la nyumba na majani yanameta, lakini ua sijaliona hata moja. Samadi nautia, urea nautia kila masika, na jioni naumwagilia. Shemeji kule kila mwisho wa mwaka anachuma mpaka anagawa. Jirani yangu ananiambia huu wangu ni dume, niukate nipande mwembe. Je, niukate? Na ukija kuzaa, siku ya kuchuma nitaijuaje, maana wajukuu hawana subira?

JIBU: Waaleykum salaam, na shikamoo mzee wangu. Panga liweke ndani kwanza. Mti wako si dume, kwa sababu mlichi hauna dume wala jike.

Jirani yako hakusema kwa ubaya, na hayo maneno hakuyaokota barabarani. Ameyatoa kwenye mpapai na kwenye mshokishoki. Shokishoki na lichi ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukimenya gamba, nyama ni ileile nyeupe iliyozunguka kokwa moja la kahawia. Tofauti ni kwamba shokishoki ina manyoya na lichi ina vinundu. Mshokishoki ukiuotesha kwa mbegu, karibu nusu ya miche huwa madume, hutoa maua tu mpaka inazeeka. Watu wa mwambao wamekuwa wakikata mishokishoki madume tangu zamani, nao wana haki. Mlichi hauko hivyo. Kishada kimoja cha mlichi huchanua kwa zamu: kwanza maua ya kiume, halafu yale yanayoshika tunda, halafu ya kiume tena. Mti mmoja peke yake uani unaweza kuzaa, ilimradi nyuki wafike.

Tena wewe mwenyewe umeniletea ushahidi mkubwa kuliko wowote ambao ningeutafuta. Mche wako ni tawi la mti wa Soni. Maana yake si mtoto wa mti ule, ni mti uleule, umehama tu. Kama ungekuwa wa mbegu ningekwambia subiri, mlichi wa mbegu unaweza kukaa miaka kumi na zaidi bila kuzaa, na ukizaa matunda yasifanane na ya mama. Lakini tawi lililooteshwa mizizi huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano pakiwa panaufaa. Mti uleule, umri umetimia, kule unazaa na huku hauzai. Basi sababu haiko ndani ya mti. Iko kwenye mahali.

Soni iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ukilala kule mwezi wa Julai unajifunika blanketi, na asubuhi watu wanaota moto. Pongwe mwezi huohuo unalala na shuka, na usiku nyuzi joto zinachezea karibu na 20. Mlichi asili yake ni kusini mwa China na kaskazini mwa Vietnam, nchi ambako kiangazi chao ni joto na mvua, halafu unaingia msimu wa baridi kavu usiofika kwenye barafu. Mti umezoea kulala katika baridi ile. Katika kulala ndiko ncha za matawi huamua zitakachotoa. Ncha iliyopitiwa na wiki kadhaa za usiku wa chini ya nyuzi 20, na nzuri zaidi karibu na 15, hutoa kishada cha maua. Ncha isiyopitiwa na baridi hutoa majani. Ni ncha ileile na jicho lilelile, na kinachobadili ni usiku.

Huku kwetu baridi tuliyo nayo ni kipupwe tu, kuanzia Juni hadi Agosti, kusi inapovuma na mvua za masika zimekwisha. Kwa mwembe kipupwe chetu kinatosha. Umeona mwenyewe miembe ya Tanga inavyotoa maua baada ya miezi ile, na mwaka ambao mvua haikatiki maua yanavyokuwa haba. Mlichi una tabia hiyohiyo, ila unadai baridi kali zaidi ya ile ya mwembe. Kipupwe cha Pongwe kinaufikia mlangoni lakini hakiingii ndani.

Wapo watakaokwambia kwamba lichi haitaki pwani. Si kweli. Bukini, yaani Madagaska, mashamba makubwa ya lichi yako ukanda wa pwani ya mashariki, upande wa Toamasina, na meli zinapakia hapo kupeleka Ulaya kwa ajili ya Krismasi. Lakini Toamasina iko nyuzi 18 kusini mwa ikweta na Tanga iko nyuzi 5. Bahari ni moja, usiku wa Julai si mmoja. Kwa hiyo tusiilaumu chumvi ya hewa wala upepo. Tuhesabu baridi.

Sasa nije kwenye yale unayoufanyia mti kwa mapenzi, kwa sababu hapo ndipo mkono wako unapoweza kubadili kitu. Baridi ya Pongwe huwezi kuiongeza. Lakini kidogo ile inayokuja kila mwaka, wewe unaizuia isifanye kazi.

Urea ya masika ndiyo kosa la kwanza. Urea ni nitrojeni tupu, na nitrojeni kazi yake ni majani. Ukiitia Aprili, mvua ikaiyeyusha, mti unachipua Mei, unachipua tena Juni. Kipupwe kinapofika kinakuta ncha zote zimevaa majani machanga, yale mekundu laini yanayoning'inia kama yamelowa. Ncha yenye majani machanga haitoi ua hata ungeipeleka Lushoto. Lazima kipupwe kimkute mlichi amekomaa na ametulia: majani yote ya kijani kizito, magumu, ukiyakunja yanalia, na ncha zimefunga. Halafu wewe jioni ya Juni na Julai unaumwagilia, kwa huruma, maana mvua hakuna. Maji yale yanauamsha. Mti uliopaswa kulala njaa na kiu kidogo umeshibishwa, na mti ulioshiba unaendelea kukua.

Barua yako imenifikia kaskazi ikiwa inavuma, na huo ni wakati mzuri wa kuanza upya. Mwezi huu na ujao upogolee kidogo. Toa matawi yaliyokauka, yanayosuguana na yale ya katikati yanayozuia mwanga, lakini usiunyoe. Utie samadi iliyooza vizuri, debe tatu au nne kwa mti wa kimo hicho, ukiitandaza chini ya mwavuli wa matawi kwa mduara, si kuirundika kwenye shina. Mizizi ya mlichi iko juujuu, usiichimbie kwa jembe. Funika na majani makavu au makumbi. Hapo mwagilia bila wasiwasi. Mti utachipua mara moja sasa na pengine mara ya pili masika yakianza. Kila chipukizi linahitaji kama miezi miwili kukomaa, kwa hiyo hesabu hiyo inakufikisha mwisho wa Mei ukiwa na majani magumu. Kuanzia Machi usiutie chochote, samadi wala urea, hata ukiona jirani anatia minazi yake. Mvua za masika huwezi kuzizuia, lakini usiziongezee nguvu.

Juni ikiingia, acha kumwagilia kabisa. Nakuhakikishia mti wa miaka saba wenye matandazo hautakufa. Majani yakilegea mchana na kusimama tena jioni, uache. Yakianza kukauka ncha, upe ndoo mbili kwa wiki, si zaidi.

Kuna jambo la ziada wanalolifanya wakulima wa lichi kwenye sehemu zenye baridi haba, kama Hawaii na Florida kule Marekani. Wanakata pete kwenye gamba la tawi. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia gamba kwenda kwenye mizizi. Ukikikatia njia kwa muda, kinabaki juu, chipukizi jipya linachelewa, na ncha zinaelekea zaidi kwenye maua. Nakueleza jinsi ya kufanya kwa uangalifu, kwa sababu niliharibu kabla sijajua.

Mti wa kwanza kuukata pete ulikuwa wangu mwenyewe, Muheza. Nilichukua kisu nikamenya ukanda wa gamba wenye upana wa vidole viwili kwenye tawi zuri kuliko yote, lililokuwa nene kama mkono wangu. Nilidhani pete pana ndiyo yenye nguvu. Gamba halikuweza kuziba pengo. Mwaka ule tawi likatoa maua mengi, vishada mpaka nikaita majirani waje kutazama. Matunda yakawa madogo kama mbaazi, yakaanguka yote, na mwaka wa pili tawi likakauka kuanzia kwenye jeraha hadi ncha. Nililikata kwa msumeno nikiwa na uchungu, maana lilikuwa ndilo lenye kivuli.

Basi wewe tumia msumeno wa kukatia chuma, ule mwembamba, uliosafishwa kwa spiriti. Upana wa jeraha uwe upana wa meno ya msumeno tu, milimita mbili au tatu. Zungusha mpaka ulifikie gogo, yaani mpaka usikie ugumu na uone unga unageuka kutoka wa kahawia kuwa mweupe, uishie hapo. Usiingie kwenye gogo. Chagua matawi yenye unene wa kifundo cha mkono, na usizidishe nusu ya matawi ya mti. Nusu iliyobaki ndiyo italisha mizizi. Wakati wake ni mwezi wa Mei, majani ya chipukizi la mwisho yakishakuwa ya kijani kizito. Mti mgonjwa, au wenye majani ya manjano, usiuguse.

Na hapo nina swali kuhusu Pongwe yako. Umesema majani yanameta, nami nimefurahi, lakini chunguza yale machanga ya ndani. Eneo lenu limekaa juu ya mawe ya chokaa, mawe hayohayo yaliyoleta kiwanda cha saruji huko, na upande wa Amboni yametoboka yakawa mapango. Mlichi unapenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa madini ya chuma na zinki yapo ila yamefungwa, mizizi haiwezi kuyavuta, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Chukua kiganja cha udongo mkavu kutoka kina cha shubiri moja, kiweke kwenye sahani, kidondoshee siki. Kikichemka na kutoa povu, chokaa ipo. Usiogope. Endelea na samadi na matandazo ya majani kila mwaka, maana yakioza yanaupa udongo uchachu. Mbolea ya chumvichumvi ukiitaka, tumia SA (salfeti ya amonia) mwezi wa Januari badala ya urea, na dukani ulizia mbolea ya kunyunyizia majani yenye chuma na zinki. Majivu ya jikoni na chokaa usiyasogeze karibu na mti huo. Na kama unamwagilia maji ya kisima, yaonje. Maji yenye munyu yanauchoma mlichi ncha za majani mapema kuliko miti mingi mingine.

Jambo jingine dogo kuhusu udongo: mizizi ya mlichi huishi pamoja na kuvu fulani wasioonekana kwa macho, wanaoisaidia kutafuta chakula. Shemeji akija safari nyingine, mwambie akuletee ndoo ya udongo wa juu kutoka chini ya mti wake, uutandaze chini ya wako.

Ukifanya yote haya, utazaa? Mzee wangu, sitakudanganya. Kwenye mwaka wa kipupwe kizuri, mti wako unaweza kutoa vishada kwenye baadhi ya matawi, hasa ya juu na ya upande unaopigwa na kusi. Mwaka mwingine hautatoa kitu. Mimi Muheza niko juu kidogo kuliko wewe, na bado sipati kila mwaka. Mtu akiniuliza leo apande nini Pongwe, Raskazone au Bagamoyo, namwambia apande mshokishoki, tena mche uliobebeshwa kutoka kwenye mti jike unaozaa, ili asiingie kwenye bahati nasibu ya madume. Mshokishoki asili yake ni nchi za joto za Malaya na Indonesia. Hauombi baridi, hata unaichukia, na ndiyo maana Unguja na Pemba umekuwa wa nyumbani. Lichi ningeipeleka kuanzia Amani kwenda juu. Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, walichagua milima ile ya Usambara ya Mashariki, karibu mita 900, na kupanda humo miti kutoka kila pembe ya nchi za joto kuona upi utashika. Ukitembea kule asubuhi ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya chai, unaelewa kwa ngozi yako mlichi unataka nini.

Lakini wewe mti unao tayari, na kivuli chake umeshakizoea. Usiukate. Panda mshokishoki upande wa pili wa ua kwa ajili ya wajukuu, na mlichi uupe miaka mitatu ya malezi haya mapya. Ukiwa na ndugu mwingine milimani mwenye uwanja, mtolee mche kwenye mti huohuo masika yakianza. Chagua tawi la unene wa kidole gumba, menya pete ya gamba ya sentimita tatu, kwangua utelezi wote mpaka gogo likauke, zungushia makumbi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, funga na nailoni inayoonyesha, kaza pande zote mbili kwa kamba. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona mizizi myeupe imejaa kwenye nailoni, na inapoanza kuwa ya kahawia, kata chini yake. Punguza nusu ya majani, uweke kwenye kiriba kivulini mpaka uchipue upya. Pete pana iliyoua tawi langu ndiyo pete inayofaa hapa, kwa sababu hapa tunataka tawi likate uhusiano na shina.

Sasa kuchuma, na wajukuu.

Maua yakitoka Agosti, matunda yatakuwa tayari miezi mitatu hadi minne baadaye, yaani kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, vuli ikiwa imeshika. Mwanzoni vitaanguka vingi sana, vidogo kama punje za pilipili manga. Huo ni utaratibu wa mti, haubebi vyote. Kuanzia ua linapoonekana rudisha maji, na usiache udongo ukauke halafu uloweke kwa ghafla. Gamba likishakauka likapigwa na mvua ya kwanza ya vuli, nyama inavimba ndani na gamba linapasuka. Nimeona vishada vizima vimepasuka kwa mvua ya usiku mmoja, na asubuhi nyigu wameshafika.

Lichi haiivi baada ya kuchumwa. Hilo ndilo la kuwaeleza wajukuu mapema. Embe utalichuma limekomaa ukalifukia kwenye majani likaiva. Papai hivyohivyo. Lichi ukiichuma na uchachu wake, itakaa na uchachu wake mpaka ioze. Kwa hiyo rangi isikudanganye. Gamba huanza kuwa jekundu kabla sukari haijafika, na aina nyingine hubaki na ukijani au uwaridi hata zikiiva. Shika tunda kwa vidole viwili ulipapase. Tunda changa vinundu vyake vimechongoka na vinakwaruza, na limebana. Likiiva, gamba linatanuka, vinundu vinalala na kuwa bapa, na ukilibonyeza kidogo linarudi kama mpira. Halafu chuma moja upande wa jua na moja upande wa kivuli, umenye. Gamba la tunda lililoiva linavunjika kama ganda la yai na maji yanakurukia mkononi, nyama inateleza ikitoka nzima na kuacha utando mwembamba. Uonje. Zote mbili zikiwa tamu, anza. Kama ya kivulini bado inakuuma ulimi, ngoja siku nne au tano, uonje tena. Mti mmoja huchumwa mara mbili au tatu, si kwa mkupuo.

Usinyofoe tunda mojamoja. Ukilivuta, gamba linachanika pale kwenye kikonyo, na tunda lililochanika halifiki kesho. Kata kishada kizima na majani mawili matatu ya juu kwa mkasi wa kupogolea, asubuhi umande ukishakauka lakini jua halijakaza. Kapu liwe limetandikwa majani ya mgomba na likae kivulini. Kinachoharibu sura ya lichi ni kukauka: gamba likipoteza maji kidogo tu linageuka kahawia, na kwa joto la Tanga siku mbili zinatosha. Ndani bado ni tamu, lakini sokoni hakuna atakayekuamini. Ukiziweka kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, kwenye friji, zinakaa wiki mbili na zaidi. Unaweza pia kuzigandisha na maganda yake.

Na hili nisikilize vizuri. Lichi, hasa ambayo haijaiva, ina kemikali asilia zinazozuia mwili kutengeneza sukari yake wakati wa njaa. Huko Muzaffarpur, India, kwenye mashamba ya lichi, watoto wengi walikuwa wakiugua ghafla alfajiri, wanapoteza fahamu na wengine wanakufa. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2014, matokeo yake yakatoka 2017, ulionyesha kwamba kula lichi na kulala bila chakula cha jioni kulihusika. Mtoto aliyeshiba, anayekula matunda machache yaliyoiva, hana la kuogopa. Lakini mtoto asiokote mbichi chini ya mti akashinda nazo, na asilale bila kula chakula cha usiku. Kokwa lisiliwe na mtu yeyote.

Wagombea wengine ni popo, kunguru na inzi wa matunda. Yule inzi aliyeingia Afrika Mashariki mwaka 2003 na kutumalizia maembe anaitaka lichi pia. Mara matunda yanapoanza kubadilika rangi, valisha kila kishada mfuko wa kitambaa chepesi cha pazia, ufunge mdomo kwenye kikonyo. Kazi ni ya asubuhi moja na wajukuu wataifurahia. Dawa usipulize wakati wa maua, utawaua nyuki, na bila nyuki hakuna tunda. Ukiona majani yamejikunja na chini yana kitu kama mahameli ya kahawia, ni utitiri. Kata matawi hayo uyachome.

Kabla ya hayo yote kuna wiki moja ambayo utaamka na kwenda kwenye mti bila kuambiwa. Ni mwishoni mwa Julai. Shika ncha ya tawi ulilolikata pete, iweke karibu na jicho, asubuhi wakati jua liko chini. Ikiwa jicho linachomoza jekundu na laini, limekunja vijani vidogo ndani yake, ni majani, na kwa mwaka huo tawi hilo limekwisha kuamua. Ikiwa limevimba, na kwenye makwapa yake kuna vidonge vyeupe vimepangana kama punje za uwele, ni maua. Siku hiyo upe mti maji.